Kisu cha Mashine ya Kufyekea

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za kipande cha chuma kisichozidi upana wa sahani ya kulia, nacho ni kisu cha mashine ya kufyekea nyasi. Mashine hizi zimeingia katika vijiji vyetu vya Simiyu. Huvaliwa begani kwa mkanda, zina mpini mrefu kama wa mkuki na injini ndogo ya petroli nyuma, nanyi mmezisikia zikilia katika viwanja vya shule na kandokando ya barabara. Watu wengi wajua kununua mashine. Wachache wajua kununua kisu kingine, kile cha kwanza kinapokwisha, na hapo ndipo matata huanza.

Mimi nilisoma katika shule ya misheni, na huko Jumamosi ilikuwa siku ya mafyekeo. Kila mtoto alikuja na fyekeo lake begani, na asiyekuwa nalo alipewa la shule, ambalo daima lilikuwa butu. Tulijifunza mambo mawili katika kazi ile. La kwanza, kwamba fyekeo butu humchosha mtu kuliko jua lenyewe. La pili, kwamba fyekeo likivunjika shingo halitupwi; hupelekwa kwa fundi, akaliunga, nalo likarudi kazini Jumamosi ifuatayo. Hilo la pili ni neno jema kwa fyekeo, kwa jembe na kwa shoka. Nalo ndilo lililonipotosha mimi baadaye, kama mtakavyosikia.

Maana sisi wa Usukuma ni watu wa kufyeka tangu zamani. Katika miaka ya 1920, pori lenye mbung'o lilikuwa likisogelea makazi ya watu upande wa Shinyanga, na ng'ombe wakifa. Bwana Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori katika Tanganyika, alishauriana na watemi, na watu wakatoka kwa maelfu, wakalifyeka pori lile kwa mashoka na mapanga. Mwaka 1929 aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya utafiti wa mbung'o, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kazi ile iliokoa ng'ombe wengi, walakini baada ya miaka mingi ya kufyeka, kulima na kukata kuni, nchi ilibaki uchi. Ndiyo sababu mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ya kurudisha miti kwa njia ya wazee wetu wenyewe, yaani ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Nasema haya mapema kwa sababu maalum: mtu achaguaye kisu yampasa kujua kwanza ni kitu gani kikatwe, na ni kitu gani kiachwe.

Sasa turudi kwenye mashine. Mwaka 1971, katika mji wa Houston huko Marekani, mtu mmoja aitwaye George Ballas aliona brashi zinazozunguka mahali pa kuoshea motokaa, akafikiri kwamba kitu laini kikizungushwa kwa nguvu chaweza kufanya kazi ya kitu kigumu. Akatoboa kopo, akapitisha nyuzi za nailoni za kuvulia samaki, akalizungusha kwa mashine, na nyasi zikakatika. Uzi ambao mtoto huuzungusha kidoleni pasipo kuumia hukata majani kwa sababu ya mwendo tu. Basi, ikiwa uzi wafanya hivyo, je, chuma?

Hebu watoto wa shule wachukue kalamu. Kisu cha kawaida cha mashine hizi kina upana wa milimita 255, yaani inchi 10. Zidisha kwa 3.14, utapata kwamba ukingo wake ni kama sentimita 80 kuuzunguka. Tuseme kinazunguka mara 7,000 kwa dakika, jambo ambalo si la ajabu kwa mashine hizi. Gawanya kwa 60: ni mizunguko 116 na zaidi kwa kila sekunde. Zidisha kwa sentimita 80, utaona kwamba jino la kisu hukimbia mita 93 kwa sekunde moja, nazo ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Hakuna basi liendalo Mwanza kwa mwendo huo. Jino hilo likikatika, laondoka kwa mwendo ule ule, nalo huvuka mita 15 kabla mtu hajafumba na kufumbua.

Hesabu hiyo mimi naliweza kuifanya tangu ujana wangu. Sikuifanya.

Nalikuwa nimepeleka wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja upande wa Kimali. Mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi zimefika kifuani, na mwalimu mmoja alikuwa amemwona nyoka nyuma ya madarasa. Wazazi walikuwa wamechanga fedha wakanunua mashine ya kufyekea, na kijana mmoja wa pale kijijini ndiye aliyeitumia. Siku ile kisu kilikuwa na ufa, umeanzia karibu na tundu la katikati na kwenda hata kwenye shina la jino. Kijana akaniletea, akasema, "Shikamoo mwalimu. Kisu hiki kimechoka. Naona tungoje siku ya gulio, nikatafute kingine."

Nikamwambia, "Marahaba. Lakini gulio ni mbali, na watoto watakanyaga nyoka. Mpelekee fundi akichomelee."

"Mwalimu, naogopa."

"Ni ufa mdogo, kijana wangu. Mafyekeo mangapi yameungwa?"

Akaniheshimu, akaenda. Kisu kikachomelewa, kikasuguliwa, kikapendeza. Kilifanya kazi chini ya robo saa. Nikasikia mlio kama wa risasi, mashine ikatetemeka na kunyamaza. Kipande kimoja tulikikuta kimezama katika mlango wa darasa ambalo watoto walikuwa wametoka kwenda kunywa uji. Kipande cha pili kilikuwa katika mguu wa yule kijana, chini ya goti. Alikaa hospitali wiki nyingi. Leo anatembea, lakini achechemea, nami nikutanapo naye huniamkia kwa adabu ile ile kama kwamba si mimi niliyemtuma.

Baadaye nilichukua vipande vile kwa mzee mmoja mhunzi, mtu aliyefua majembe tangu utoto wake. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia, akavipokea. Alivitazama kwa muda, akakwaruza kwa ukucha mahali palipochomelewa.

"Hapa hapakukatika," akasema. "Tazama, palikatika kando yake. Chuma hiki kilipikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo, ndipo kikawa kigumu na chenye kunesa. Fundi wako alipokichoma aliuharibu upishi ule. Kando ya kiungo pamekuwa kama chungu."

Nikamwuliza, "Mbona jembe huungwa, nalo likakaa miaka?"

Akacheka kidogo. "Mwalimu, jembe laenda kwa mkono wa mtu. Likikatika, laanguka miguuni pake."

Wasikilizaji wangu, tangu siku hiyo nimefanya kazi ya kujifunza visu hivi, nami nitawaambieni niliyoyaona kuwa kweli.

Jambo la kwanza ni kile kinachokatwa. Ikiwa ni nyasi laini za uwanjani, hakuna haja ya kisu. Uzi wa nailoni watosha, wa unene wa milimita mbili na nusu hivi au tatu, nao wafaa karibu na kuta na mawe, kwa kuwa ukigonga jiwe hukatika uzi tu. Walakini usiupeleke kwenye mche wa mwembe au wa mwarobaini. Uzi huchuna gome la mche kuuzunguka, nao mche husimama kama mzima wiki mbili tatu, kisha hukauka, na watu wakasema ni mchwa.

Ikiwa nyasi ni ngumu na ndefu, zilizolala na kusukana baada ya mvua, hapo chatakiwa kisu cha meno matatu au manne. Hiki ndicho nikionacho kuwafaa watu wengi wa Kimali. Ni bamba nene, chanolewa kwa tupa nyumbani, na aghalabu chaweza kugeuzwa upande wa pili ule wa kwanza ukiwa butu. Hukata nyasi pamoja na vichaka vyembamba visivyozidi unene wa kidole.

Kisha kuna miti yenyewe. Katika nchi yetu kuna kichaka cha miiba kiitwacho mkulagembe, na jina lake ladhihirisha tabia yake, maana amekula majembe mengi. Migunga michanga nayo ni ya namna hiyo. Mtu akipiga shina la mkulagembe kwa kisu cha meno matatu, kisu hugonga na kurudi nyuma, na mpini mzima humtupa mtu upande. Kwa mashina kama hayo pana kisu cha mviringo chenye meno mengi kama msumeno, mara nyingi meno 80. Lakini hicho chataka mashine yenye nguvu na kinga yake maalum, si kila mashine yaruhusiwa kukibeba. Tazama katika kitabu cha mashine, ikiwa hakikutajwa, usikifunge. Nami nasema kwa maoni yangu kwamba mwenye mashine ndogo na ashike shoka kwa mashina hayo, atamaliza mapema zaidi.

Wauzaji wengi husifu kisu cha mviringo chenye meno yaliyobandikwa kabaidi, chuma kigumu sana kidumucho na makali. Sifa hiyo ni ya kweli mahali penye udongo usio na mawe. Lakini ugumu na wepesi wa kuvunjika ni ndugu. Kabaidi ikigonga jiwe hubanduka, na nchi yetu imejaa mawe yaliyojificha katika nyasi. Fikiri kabla ya kutoa fedha.

Pana kitu kingine nimekiona kikiuzwa, nacho chanitia hofu: kichwa chenye minyororo, au vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pete, vikizunguka pamoja. Wauzaji husema hukata kila kitu. Mwaka 2012 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliagiza vichwa vya namna hiyo kwa mashine za kushikwa mkononi visiuzwe tena katika nchi zake, baada ya pete kukatika na mtu kuuawa Uingereza. Kitu kilichokataliwa huko kisije kikapata soko kwetu kwa kuwa ni rahisi.

Tena nisisahau wakulima wa pamba. Nimeulizwa mara nyingi kama mashine yaweza kukata mabua ya pamba baada ya mavuno. Yaweza, lakini haifai. Shina likikatwa na mzizi kubaki, huchipua, na wadudu wa pamba hukaa humo wakingoja msimu mwingine. Ndiyo sababu wakulima wa pamba huagizwa kung'oa na kuchoma. Kazi hiyo ni ya mikono, hapana kisu kiwezacho kuisaidia. Vivyo hivyo katika ngitili: mashine haiulizi hili ni jani na hili ni chipukizi la mti. Mwenye ngitili na afyeke njia ya kuzuia moto pembezoni, ndani aache.

Sasa umekwisha kujua namna ya kisu utakacho, unakwenda Bariadi dukani. Chukua kile cha zamani mkononi, na uandike katika karatasi mambo matatu. La kwanza ni upana wa kisu, maana kinga ya mashine imetengenezwa kwa upana fulani, na kisu kikubwa kuliko huo kitakula kinga au kitatoka nje yake karibu na mguu. La pili ni tundu la katikati. Mashine nyingi huwa na tundu la milimita 25.4, yaani inchi moja kamili, lakini nyingine ni milimita 20. Kisu lazima kikae juu ya kikombe chake pasipo kucheza hata kidogo. Nimeona watu wakizungushia bati la kopo ili tundu kubwa lijae. Kisu cha namna hiyo hakikai katikati. Hutetemesha mashine, hutia mikono ganzi, na kutetemeka huko huzaa ufa.

La tatu ndilo wauzaji wasilolitaja. Juu ya kisu chema pameandikwa mwendo wake mkubwa kabisa, kwa mfano mizunguko 10,000 kwa dakika. Katika kitabu cha mashine pameandikwa mwendo mkubwa wa kichwa chake. Namba ya kisu lazima iwe sawa na ya mashine au kuizidi, kamwe isipungue. Kisu kisichoandikwa kitu kirudishe juu ya meza, hata kikiwa kimepakwa rangi nzuri. Na kile kilichokatwa na fundi kutoka katika springi ya lori, au msumeno wa seremala uliotobolewa tundu kubwa, hivyo havina namba wala havikufanywa kwa kazi hii.

Ukifika nyumbani, zima injini, vua kofia ya plagi, ndipo ushike spana. Hapa wengi hukwama. Nati ya kisu ina hesi ya kinyume: hufunguliwa kwa kuizungusha upande wa kulia, kama mishale ya saa iendavyo, na hukazwa kwa kushoto. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili kisu kinapozunguka kisiilegeze. Mtu asiyejua huikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua, hata akaiharibu, kisha akalaumu duka. Tia kijiti cha chuma katika tundu la kichwa cha gia ili kisizunguke, fungua, futa majani na udongo, tazama mishale iliyochorwa juu ya kisu ielekee mzunguko wa mashine, rudisha washa na kikombe cha chini kama vilivyokuwa, kisha kaza.

Kila asubuhi kabla ya kazi kitazame kisu katika mwanga, hasa kwenye mashina ya meno na kando ya tundu. Kitundike katika msumari ukigonge kwa kipande cha chuma, kama mama agongavyo chungu sokoni kabla ya kukinunua. Kilio kikiwa safi, vyema. Kikiwa cha kufifia, kitafute ufa. Lakini kilio safi kisikufanye uache kutazama kwa macho. Unapokinoa, hesabu mipigo ya tupa, kila jino mipigo sawa, la sivyo upande mmoja utakuwa mzito.

Kazini, fyeka kwa upande wa kushoto wa kisu, ukitoka kulia kwenda kushoto. Usikate kwa sehemu ya mbele kulia, maana hapo ndipo kisu hurudisha pigo. Vaa viatu vizito na miwani, na mtu yeyote asikukaribie chini ya mita 15. Watoto hupenda kufuata mashine hii kama wanavyofuata ngoma. Basi mweke mtu mmoja wa kuwazuia, kwa kuwa mwenye mashine hasikii kitu.

Swali la mwisho nililoletewa na wanafunzi wangu ni hili: kisu kilichokwisha kifanywe nini? Kisiachwe ukutani karibu na mashine, kwa kuwa siku ya shida mtu atakirudisha. Mimi nilikipeleka changu kwa yule mzee mhunzi. Alikikata, akakipasha moto, akakifua taratibu, akakitia mpini wa mninga. Mke wangu hukatia mchicha nacho hata leo.